Ruzuku ya umeme viwandani: tunabishania uniti, KVA inapita pembeni

Ombi la wenye viwanda kwamba Serikali itoe ruzuku ili umeme wa viwandani ushuke bei husikika kila bajeti inapokaribia, na hapa Arusha jibu la mtaani halibadiliki: kwa nini mama anayenunua LUKU ya elfu mbili amchangie mwenye kiwanda? Ni swali la haki, na nitalirudia huko mbele. Tatizo ni kwamba limejengwa juu ya picha ya mwenye kiwanda mmoja tu, yule wa ukuta mrefu, malori yamepanga foleni getini, jenereta yake kubwa kuliko nyumba ya mtu. Huyo yupo. Lakini shuka Unga Limited, mtaa uliopewa jina na kinu cha unga, pita Themi mpaka Njiro, kisha nenda Moshi uzunguke. Wengi utakaowakuta ni watu wa mashine mbili tatu: wanakoboa na kusaga mahindi, wanakamua alizeti, wanachana mbao, wanayeyusha plastiki, wanachanganya chakula cha kuku. Wafanyakazi ishirini, pengine saba. Zamu moja, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

Hawa ndio ninaodhani hawajaeleweka. Hata wenzao wakubwa, wanapokwenda Dodoma kuomba kwa jina la viwanda vyote, hawaelezi shida ya hawa. Wakubwa wanaomba bei ya uniti ishuke. Mdogo na wa kati, ukiichambua bili yake, uniti si adui yake mkuu.

Nitafanya hesabu kwa bei ambazo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, iliidhinisha mwaka 2016, zikaanza kutumika Aprili 1 ya mwaka ule. Kuna kundi la T1, ambamo yumo fundi seremala, mwenye saluni, mwenye mashine ndogo ya kusaga: shilingi 292 kwa uniti, analipa kwa LUKU, basi. Kuna T2, wanaozidi uniti 7,500 kwa mwezi na kuunganishwa kwenye umeme wa volti 400: uniti ni shilingi 195. Juu yake kuna T3 ya msongo wa kati, shilingi 157, na T3 ya msongo mkubwa, shilingi 152. Mtu akisoma orodha hiyo tu ataona kiwanda kimependelewa tayari. Seremala wa Mbauda analipa 292 na kiwanda kikubwa 157. Ruzuku ya nini tena?

Orodha hiyo ina safu ya pili ambayo haifiki redioni. Kuanzia T2 kwenda juu mteja hanunui uniti peke yake. Analipia pia KVA, yaani kile kilele cha mzigo alichokifikia ndani ya mwezi, hata kama alikifikia mara moja tu. Kwa T2 kila KVA moja ni shilingi 15,004 kwa mwezi. Kwa T3 ya msongo wa kati ni 13,200.

Chukua kiwanda cha mfano. Kilele chake ni KVA 200. Kinafanya zamu moja, saa 8, siku 25, na kwa wastani kinavuta kilowati 100, kwa hiyo mwezi ukiisha kimetumia uniti 20,000. Uniti hizo ni shilingi 3,900,000. KVA ni shilingi 3,000,800. Ongeza ada ya huduma ya shilingi 14,233, unapata 6,915,033, kabla ya VAT na tozo. Gawanya kwa uniti 20,000. Ile uniti iliyotangazwa kuwa ni shilingi 195 imemfikia mwenye kiwanda kwa karibu shilingi 346.

Kiwanda hicho hicho kikiongeza zamu ya pili, mashine zile zile na kilele kile kile, uniti inashuka hadi karibu shilingi 270. Zamu tatu, usiku na mchana, inafika 245. Mwenye zamu moja ndiye anayenunua umeme ghali kuliko wenzake wote wa viwandani, ghali hata kumzidi seremala wa LUKU. Hajafuja chochote. Hana tu soko, mtaji au malighafi za kumfanya azungushe mashine saa 24.

Kuna namba moja ambayo nimeipiga na kuirudia mara nyingi, na naiona muhimu kuliko zote. Tofauti kati ya uniti ya T1 na ya T2 ni shilingi 97. Ukigawanya 15,004 kwa 97 unapata karibu 155. Maana yake, mteja wa T2 anaanza kumzidi nafuu mteja wa T1 pale tu kila KVA yake moja inapomzalishia matumizi ya uniti 155 kwa mwezi. Chini ya hapo, bei ya viwandani ni ghali kuliko bei ya saluni. Mwenye zamu moja ana saa 200 za kazi kwa mwezi. Ili afike 155 lazima mashine zake zivute zaidi ya robo tatu ya kilele kwa wastani wa saa zote hizo, asubuhi hadi jioni, bila kupumua. Mtu anayejua kinu cha mahindi anajua kwamba haiwezekani. Kuna kusubiri mzigo, kubadili chekeche, kufunga magunia, kufunga mkanda uliokatika, na kuna siku ambazo mahindi hayakuja. Kiwanda changu cha mfano kiko kwenye uniti 100 kwa KVA, na sikukichagua ili kionekane kibaya.

Sasa mtazame mtu anayekua. Ana kinu, anatumia uniti 7,400 kwa mwezi, yuko T1. Anapata zabuni ya kusagia shule mbili za bweni, anafika uniti 8,000, anahamishiwa T2. Kilele chake ni KVA 80. Kwa T1 uniti hizo 8,000 zingemgharimu shilingi 2,336,000. Kwa T2 anatakiwa kulipa 2,774,553. Amepata kazi zaidi, ameajiri kijana mmoja zaidi, na bili imempiga faini ya zaidi ya shilingi laki nne kwa mwezi. Fundi wa umeme mwenye busara atamshauri abaki pale pale, au agawe biashara yake kwenye mita mbili kwa majina mawili. Nchi ambayo tangu 2015 imeimba Tanzania ya viwanda inamweka mtu huyu kwenye mlango ambao akiuvuka anaumia.

Na wa msimu je? Kanuni ya TANESCO inasema KVA utakayotozwa ni kilele cha mwezi huo au asilimia 75 ya kilele kikubwa cha miezi mitatu iliyotangulia, kipi kikubwa. Wa kukoboa kahawa Kilimanjaro na wa kukamua alizeti wana miezi ya kufa na kupona na miezi ya kufagia sakafu. Msimu unaisha, kilele kilikuwa KVA 200, mashine zimefunikwa turubai. Mwezi unaofuata bili inakuja ya KVA 150, shilingi 2,250,600, hata kama hakuwasha kitu zaidi ya taa ya mlinzi. Miezi mitatu hivyo ni zaidi ya shilingi milioni 6.7. Fedha hiyo ndiyo ingemnunulia malighafi ya kuanzia msimu mwingine.

Halafu umeme ukatike. Watu huhesabu hasara ya saa zilizopotea, na ni kweli zipo. Lakini ndani ya T2 kukatika kwa umeme kunapandisha bei ya ule unaobaki, kwa sababu uniti zinapungua na KVA inabaki pale pale. Kiwanda cha mfano kikipoteza siku tano kati ya 25, uniti zinakuwa 16,000 na wastani unapanda kutoka 346 hadi karibu 383. Umeme unaporudi, kila kitu kinawashwa pamoja: chumba cha baridi kimeshapata joto, tanuri limepoa, oda imechelewa. Mzigo unapanda kwa muda mrefu wa kutosha mita kuusoma, na kilele kipya kinaandikwa kwa mwezi mzima. Ukiamua kutosubiri, jenereta inakunywa kama lita moja ya dizeli kwa kila uniti tatu. Lita ikiwa shilingi 2,800, uniti yako ni zaidi ya shilingi 930.

Kaskazini tuna sababu ya kulisema hili kwa sauti. Mitambo mikubwa iko mbali nasi. Kidatu, Kihansi, gesi ya Dar es Salaam na Mtwara, na sasa bwawa jipya la Rufiji, vyote viko kusini na mashariki, na umeme unafika kwetu mwisho wa nyaya. Vyanzo vya mto Pangani ni vidogo: Nyumba ya Mungu ni megawati 8, Hale 21, New Pangani 68. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja kwamba kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza karibu shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, inaingia Namanga na kupita kituo cha Lemugur hapa Arusha ikielekea Singida. Wengine walikasirika kusikia tunanunua nje huku tuna bwawa jipya. Mimi nilisikia Serikali ikikiri kwamba umbali una bei, na kwamba mteja wa mwisho wa waya si mlalamishi wa bure.

Wanaopinga ruzuku wana hoja nzito nao, na baadhi nazikubali kabisa.

Ya kwanza ni kwamba umeme wetu si ghali kwa kulinganisha. Kenya, kilometa kama 110 kutoka Arusha mjini hadi mpakani, kiwanda kinalipa zaidi yetu kwa mbali, na bado sabuni, biskuti na plastiki za Kenya zimejaa maduka yetu. Kwa hiyo kinachotushinda si umeme peke yake. Ni riba ya benki, vifungashio, ujuzi, utitiri wa tozo. Tena bei ya 2016 imekaa karibu miaka kumi bila kupandishwa. Shilingi 195 za wakati ule, dola ikiwa kama 2,200, zilikuwa karibu senti 9 za Marekani. Dola ilipofika 2,500 zikawa chini ya senti 8. Kushikilia bei muda wote huo, wakati kila kitu kingine kinapanda, ni nafuu ambayo wenye viwanda wameipata bila kuiita kwa jina lake. Waarusha wanaikumbuka General Tyre pia. Iliyoanza kuzalisha matairi mwaka 1971 haikuuawa na bili ya umeme.

Ya pili ni historia ya TANESCO. Shirika hili limebeba mizigo ya siasa mpaka mgongo ukapinda: mkataba wa kununua umeme wa IPTL wa mwaka 1995, ule wa umeme wa dharura wa Richmond wa 2006 uliomfanya Edward Lowassa, mtu wetu wa Monduli, ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, mitambo ya dharura ya mafuta iliyofuata. Mwisho wa 2016 shirika liliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikaruhusu 8.5, na kabla hazijaanza Serikali ikazizuia, mkurugenzi mtendaji akaondolewa kazini Januari 1, 2017. Anayeuza umeme chini ya gharama bila mtu wa kumfidia anaacha kubadilisha transfoma. Anaacha kukata matawi chini ya nyaya. Nafuu ya bei inarudi kwa mteja kama giza. Hili sitalipinga, na yeyote anayesema TANESCO ibebe tu anawadanganya watu wa Themi.

Ya tatu inatoka nje. Ghana ilijenga Akosombo miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya umeme wake ikaenda kwa kiwanda kimoja cha aluminiamu pale Tema, VALCO, kwa bei ya chini mno. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipolibana bwawa ndipo taifa lilipoona limejifunga kiasi gani, na mkataba ukafanyiwa mabadiliko 1985. Uganda nayo imekimbilia kwa miaka lengo la senti 5 za Marekani kwa uniti, ikaanza na viwanda vikubwa kabisa. Mwaka 2018 ikafanya upya mikopo ya bwawa la Bujagali ili bei ishuke. Mwenye kinu cha mahindi wa Mbale hakuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Ruzuku ya bei ya uniti ina tabia hiyo popote: anayetumia zaidi anapata zaidi. Ukipunguza shilingi 30 kwa kila uniti, kiwanda cha uniti milioni mbili kinapata shilingi milioni 60 kwa mwezi na kinu chetu cha uniti 8,000 kinapata 240,000. Hapo ndipo swali la mama wa LUKU linaponichoma, maana katika muundo huo ana haki kabisa.

Na mkubwa ana milango mingine. TPC pale Arusha Chini, Moshi, inachoma makapi ya miwa, inajizalishia umeme wake na unaobaki inauuzia TANESCO. Mwenye paa la ekari mbili anaweza kuweka sola. Mwenye kinu cha kupanga hana paa wala makapi.

Ipo hoja ya nne, nayo mafundi huisema kwa ukali: viwanda vingi vidogo vinapoteza KVA vyenyewe. Mota zilizosukwa upya mara tatu, mashine kubwa inazungushwa tupu. Kile wanachokiita pawa fakta, yaani sehemu ya KVA inayofanya kazi kweli, kinashuka. Mzigo wa kilowati 150 ukiwa na pawa fakta ya 0.75 unasomeka KVA 200. Ukifunga kapasita ukaifikisha 0.95 unasomeka kama 158. Hiyo ni zaidi ya shilingi 600,000 kila mwezi, bila kumwomba mtu. Nakubali, na ningemwambia kila mwenye mashine aanze hapo kabla hajaandika barua ya kuomba chochote. Hata akifanya hivyo, lakini, saa zake bado ni 200 kwa mwezi.

TANESCO wenyewe wakiulizwa kuhusu KVA wana jibu la msingi. Transfoma, laini na kituo cha kupozea umeme vinakaa tayari kwa ajili yako hata usipowasha. Mtu aliyeomba barabara ya njia nne halipi kwa idadi ya magari aliyopitisha. Ni kweli, na kwa upande wa transfoma ya mtaani na laini ya Njiro bado ni kweli leo. Lakini sehemu ya gharama hiyo ilikuwa ni kuweka tayari mitambo ya kuzalisha, na hapo mambo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lile la Rufiji, ni megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235, kwa shilingi trilioni 6.5. Mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na Machi mwaka ule ule baadhi ya mitambo ya maji ilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Kufikia 2025 uwezo wa gridi ulipita megawati 4,000 huku kilele cha nchi nzima kikiwa karibu 2,000. Uhaba wa mitambo ndio uliokuwa ukihalalisha kumtoza mtu kilele chake kwa ukali. Sasa kinachotakiwa ni wateja wa kuutumia umeme uliokwisha kujengewa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ruzuku ya bei ya uniti kwa viwanda vyote, hapana. Nafuu ya KVA kwa wateja wa T2 wa zamu moja na wa msimu, ndiyo, na ilipwe na Hazina waziwazi.

Tuchukue nusu. KVA ya shilingi 15,004 iwe 7,502 kwa mteja wa T2 anayezalisha bidhaa na aliye chini ya zile uniti 155 kwa KVA. Kiwanda cha mfano kinaokoa shilingi 1,500,400 kwa mwezi na wastani wa uniti yake unashuka kutoka 346 hadi 271, karibu sawa kabisa na jirani yake wa zamu mbili. Yule mwenye kinu cha uniti 8,000 anaingia T2 na kulipa pungufu ya alivyolipa T1, na ule mlango wa kuumia unafunguka. Viwanda 1,000 vya ukubwa wa mfano wangu vingegharimu shilingi bilioni 18 kwa mwaka. Ziweke karibu na zile bilioni 32 zinazopotea kwenye nyaya za kuja huku. Ziweke pia karibu na bilioni 100 ambazo Serikali ilianza kuzitoa kwa mwezi mmoja, Juni 2022, kupoza bei ya mafuta ya magari, nafuu ambayo mwenye gari kubwa aliipata kumzidi mpanda daladala.

Sio kwamba hatujui kufanya ruzuku inayomfuata mtu. Msimu wa 2022/23 mbolea ilipewa bilioni 150, mkulima akasajiliwa, na mfuko wa DAP ukauzwa 70,000. Kulikuwa na foleni, kulikuwa na mbolea iliyopotea njia, lakini mlengwa alijulikana. Kwenye umeme kazi ni nyepesi zaidi: mteja wa T2 ana mita inayosoma kilele na uniti kila mwezi. Hakuna wa kuandika majina hewa. Namba ya mita ipo, mzigo upo, na anayevuka uniti 155 kwa KVA anatoka mwenyewe kwenye mpango.

Hapo ndipo ninapomrudia mama wa LUKU. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti, na anayezidi analipa 350 kwa zinazozidi. Hiyo ni ruzuku, na ni nzuri. Sehemu ya kuibeba imo kwenye bei za wengine, pamoja na kile kinu, ambacho pia hulipa asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini anayepeleka nguzo huko. Mwenye kiwanda kidogo tayari anamchangia mama huyo, na ni sawa amchangie. Kumpunguzia yeye mzigo wa KVA hakumgusi mama ikiwa fedha inatoka kwenye fungu la bajeti linalosomwa bungeni na kujadiliwa, na wala si kwa kupandisha ile 100 ifike 120 kimya kimya. Hofu yangu moja ni Hazina kuchelewa kulipa. Ikichelewa miezi sita, TANESCO itakuwa imebebeshwa tena mzigo kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo fedha itangulie, nafuu ifuate. Robo ya mwaka ambayo Hazina haijaweka fedha, mteja arudi kwenye 15,004 na aambiwe sababu.

Kuna njia ambazo hazihitaji hata senti ya Hazina. EWURA inaweza kumpa mteja wa T2 hiari ya kuchagua bei isiyo na KVA, yenye uniti ya juu kidogo, kama T1. Inaweza kuiondoa ile asilimia 75 kwa wanaosajiliwa kama viwanda vya msimu. Inaweza kuweka bei ya usiku. Ya 2016 haitofautishi saa nane za usiku na saa moja jioni, wakati maji ya Rufiji usiku hayana wa kuyatumia. Kenya ilianza Desemba 2017, nusu bei ya uniti usiku, ila ikaweka sharti la kwanza kuzidi matumizi yako ya awali, na wengi wakabaki nje. Sisi tuanze bila sharti hilo. Kwa mdogo wa Unga Limited, hata hivyo, bei ya usiku peke yake haitatosha: wasichana wa kufungasha hawana usafiri saa sita usiku, na mwenye mahindi hayaleti saa hizo.

EWURA haibadilishi bei kabla ya mkutano wa taftishi, ambako mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema. Utakapoitishwa Arusha, mwenye kinu aje na bili zake za miezi 12, agawanye uniti kwa KVA mwezi hadi mwezi, na zile namba zilizo chini ya 155 azisome ukumbini moja moja. Kisha TANESCO waulizwe, mbele ya watu wale wale: KVA moja kuiweka tayari Themi, leo hii, bwawa likiwa limejaa na Lemugur imewashwa, inagharimu shilingi ngapi?